Kongamano la walimu wa Hisabati kwa mtandao: tuko 14, kompyuta moja, 4G ya dirishani. Tujipangeje?

MwlHisabati_Kongwa | Jumatatu, saa 2:10 usiku

Mbukwenyi wadau. Naomba msaada wa wanaojua.

Kuna kongamano la siku mbili la ujifunzaji wa walimu wa Hisabati linafanyika Kigali, Ijumaa na Jumamosi ya wiki ijayo. Waliosajiliwa wanaruhusiwa kufuatilia kwa Zoom, na mada kuu zitarushwa pia YouTube. Ratiba inasema 09:00 hadi 16:00 CAT, chakula cha mchana 12:00 hadi 13:00. Kwa hiyo tumetangaziana kuanza saa 3 asubuhi.

Tuko walimu 14 kutoka shule 3 za msingi za klasta yetu, huku Kongwa upande unaopakana na Mpwapwa, vilima vinatuziba. Tulivyo navyo: kompyuta mpakato 1 ya shule, ya zamani kidogo; vishikwambi vile vya Sensa ya 2022; TV ya inchi 32 ya kuazima; projekta 1 ya kata; spika 1 ya kuchaji. Umeme wa TANESCO upo ila unakatika. Kuna betri 1 ya sola ya 12V 100Ah na invata. 4G inakamata vizuri dirishani kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, ukisogea katikati ya chumba inashuka 3G.

Maswali yangu: (1) kila mtu afuatilie kwenye kishikwambi chake au tukae kwenye kioo kimoja? (2) bando la GB ngapi linatosha? (3) umeme ukikatika tufanyeje? (4) tusije tukakaa siku mbili tunatazama picha tu, tukarudi darasani tulivyokwenda.

---

DadaTaaluma | Jumatatu, saa 2:31 usiku

Mwalimu, kabla hujanunua hata MB moja, rekebisha saa kwenye tangazo. CAT ni saa za Afrika ya Kati, ndizo za Kigali, na ziko nyuma ya zetu kwa saa 1. 09:00 yao ni 10:00 ya Kongwa, yaani saa 4 asubuhi. 16:00 yao ni saa 11 jioni kwetu. Chakula chao ni saa 7 hadi saa 8 mchana. Sala ya Ijumaa itagongana na mwisho wa kikao kinachotangulia chakula, kwa hiyo pangeni mapema nani atawaandikia wenzake sehemu hiyo.

Mtego wa pili uko kwenye Kiswahili chenyewe. Mtu akisoma "10:00" kwa haraka anasema saa kumi, mwenzake anaelewa jioni. Kwenye karatasi ya ukutani andika namna zote mbili kwa kila kikao: "10:00, saa 4 asubuhi".

Mkipata mialiko mingine siku za mbele: Nairobi na Kampala ni sawa na sisi. Johannesburg ongeza saa 1, Lagos ongeza 2, Accra ongeza 3. London ongeza 3, isipokuwa kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, hapo unaongeza 2. Hiyo ya London imewakosesha vikao watu wengi, maana mwaliko wa mwezi wa pili na wa mwezi wa nne unaonekana uleule.

---

FundiMtandao_Dom | Jumatatu, saa 3:45 usiku

Kioo kimoja, mwalimu. Sababu ya kwanza ni hesabu. Video ya kikundi kwenye Zoom inahitaji kama megabiti 1 kwa sekunde kuingia, na hiyo ni takriban MB 450 kwa saa. Ukitoa chakula mna saa 6 kwa siku, saa 12 kwa siku mbili: GB 5.4. Zidisha kwa watu 14, inakuwa zaidi ya GB 75, na zote zinagombea mnara mmoja. Mnara wa kijijini hautaweza kuwahudumia watu 14 wa video walioko eneo moja, hata kila mmoja akiwa na bando lake.

Kwa kifaa kimoja, weka GB 12. Mtabaki na akiba, kwa sababu picha ikipanda ubora inaweza kufika MB 800 kwa saa bila nyinyi kujua. Mkibanwa, jueni kwamba sauti peke yake inatumia kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, yaani chini ya MB 40 kwa saa, na slaidi zinazoonyeshwa kioo kikiwa kimeshirikishwa hazizidi sana MB 70 kwa saa. Zoom ya kwenye kompyuta ina uwezo wa kusitisha video zinazoingia huku slaidi na sauti vikiendelea. Utaupata kwenye menyu ya namna ya kutazama. Mtandao ukianza kukatakata, fanya hivyo mara moja. Mwalimu anaweza kujifunza bila kuona uso wa mwezeshaji. Bila kumsikia hajifunzi kitu.

Kwa hiyo sauti ndiyo ya kupigania.

Spika yenu iunganishe kwa waya wa AUX (ule wa tundu la earphone), msitumie Bluetooth. Bluetooth inachelewesha sauti, na simu yoyote iliyowahi kuunganishwa na spika hiyo ikipita karibu inaweza kuidaka katikati ya mada. Ukishachomeka waya, fungua orodha ya sauti ndani ya Zoom uhakikishe imechagua spika hiyo. Weka sauti ya kompyuta kwenye asilimia 70 hadi 80, kinachobaki ongezea kwenye spika. Kompyuta ikiwa 100 sauti inapasuka.

Sasa mwangwi, maana huu ndio unaowafanya watu watolewe kwenye vikao. Vifaa viwili vikiwa na sauti wazi ndani ya chumba kimoja, maiki ya kimoja inasikia spika ya kingine na kurudisha sauti Kigali. Zoom ina uwezo wa kufuta mwangwi, lakini inafuta ule unaotoka kwenye kifaa chenyewe tu, haijui cha jirani. Kanuni: kompyuta ndiyo pekee yenye sauti. Kishikwambi kingine chochote kikiingia, kiingie bila kujiunga na sauti kabisa. Kuzima maiki peke yake hakutoshi, kwa sababu spika yake inabaki inapiga ikiwa imechelewa sekunde moja nyuma ya TV na chumba kinajaa kelele.

Mnapotaka kuuliza kwa mdomo, maiki ya kompyuta iliyo mita 3 haitamsikia mtu wa nyuma. Ingizeni kishikwambi cha pili kama maiki ya kupokezana, hicho kimoja tu ndicho kinachoruhusiwa nje ya kanuni: kijiunge na sauti, spika yake ishushwe hadi sifuri, maiki iwe imezimwa. Zamu yenu ikifika, mtu mmoja anazima spika kubwa KWANZA, ndipo muulizaji anawasha maiki. Akimaliza anazima maiki, spika inarudi. Fanyeni zoezi hilo mara 5 kabla ya siku yenyewe, mkono uzoee.

Mtandao. Simu inayotoa intaneti iwekwe dirishani palepale penye 4G, iunganishwe na kompyuta kwa waya wa USB badala ya hotspoti. Waya unatulia zaidi na simu haichemki sana. Mambo manne yanaharibu hapa:

Waya nyingi za bei nafuu ni za kuchaji tu, hazipitishi data. Jaribu mapema. Waya wa USB wa kawaida ukizidi mita 5 unaanza kugoma. Kama TV iko mbali zaidi ya hapo, rudi kwenye hotspoti na uchague masafa ya 2.4 GHz, yanapenya ukuta vizuri kuliko ya 5. Kompyuta inaweza kuchaji simu polepole kuliko simu inavyotumia, kwa hiyo anza na asilimia 100. Na la nne ndilo baya zaidi: kwenye laini nyingi, simu ikipigwa, 4G inashuka kupokea simu na intaneti inaweza kukatika hadi ukate. Tumia laini ambayo namba yake haijulikani na watu, au zuia simu zinazoingia.

Vijiti vya mtandao visikudanganye. Nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya taarifa za simu, hali ya laini. Utaona namba yenye alama ya kutoa. Ikiwa -90 au karibu zaidi na sifuri, mko vizuri. -110 ni dhaifu. Ikikaribia -120 hakuna kitu. Tembea na simu dirisha kwa dirisha ukisoma namba hiyo. Bati na nondo za dirisha vinakula mawimbi, na kusogeza simu nusu mita kunaweza kubadili kila kitu. Kisha pima kasi siku ya kazi, saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Ukipima usiku unapima mnara mwingine kabisa, maana mzigo wa watu ni tofauti. Weka na laini ya mtandao wa pili ndani ya kishikwambi, yenye GB 3 za dharura.

Kompyuta ya zamani: angalia tarehe yake kwanza. Betri ndogo ya ndani ikifa, ukiiwasha inasoma mwaka wa zamani, na kurasa zote salama zinakataa kufunguka. Watu wanadhani mtandao ni mbovu. Sasisha Zoom siku 2 kabla, kwa sababu toleo la zamani linaweza kukataliwa mlangoni. Na kwenye Windows weka alama kwamba intaneti hiyo ni ya kupimwa (metered connection), la sivyo itaanza kupakua masasisho na kumaliza GB zenu kabla ya chai.

---

UmemeJua_Bahi | Jumanne, saa 12:20 asubuhi

La umeme nichukue mimi.

Msitumie projekta. Inakula wati 200 hadi 300, chumba kinatakiwa giza, na jua la Dodoma saa 6 mchana halizuiliki kwa kanga mbili dirishani. Tena projekta ya taa ikizimika ghafla umeme unapokatika, feni yake inasimama taa ikiwa ya moto, na ndivyo taa zinavyokufa.

Hesabu ya betri: 12V mara 100Ah ni wati-saa (Wh) 1,200. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo mna 600. Toa upotevu wa invata, mnabaki na kama 510. TV ya LED ya inchi 32 ni wati 50, kompyuta 60, spika na simu 20. Jumla 130. Hapo mna karibu saa 4, mradi betri ni nzima na imejaa. Mkiweka projekta badala ya TV mnapata saa 1 na nusu tu.

Invata ikae karibu na betri, waya mfupi na mnene, milimita za mraba 6 kwa mzigo huu, 10 kama mnaweza. Waya mwembamba unapoteza volti njiani. Invata inaanza kulia kwamba betri imeisha kumbe haijaisha. Kama invata si ya wimbi safi, mtasikia mvumo kwenye spika. Dawa yake ni kuiacha spika itumie betri yake ya ndani na kuichaji wakati wa chakula.

Pima volti betri ikiwa imepumzika bila mzigo: 12.6 na kuendelea imejaa, 12.2 ni kama nusu. Fanyeni hivyo Alhamisi jioni. Ikisoma 12.2 Ijumaa asubuhi hamna siku hapo.

Wakati TANESCO upo, tumieni wa TANESCO na betri ibaki akiba. Angalieni LUKU, saa 12 za mzigo huu hazifiki hata uniti 2, lakini mita ya shule ikiisha Jumamosi mchana hakuna mtu wa kuuliza namba ya mita. Mkiazima jenereta: iwe mita 20, upande upepo unakoelekea, iwashwe itulie ndipo mchomeke vitu. Mafuta hayaongezwi ikiwa inanguruma.

TV ilipe dirisha mgongo au ubavu. Isitazamane nalo.

---

MwlHisabati_Kongwa | Jumanne, saa 1:05 usiku

Asanteni sana, nimeandika yote. Tangazo la saa tumelibadilisha leo mchana.

Mawili bado. Wenzangu wanauliza vyeti: tukiingia kwa kompyuta moja, wengine 13 watahesabiwa? Na waandaaji wametuma linki kwa mwalimu mmoja aliyejisajili, tunaweza kuisambaza?

---

MratibuMEWAKA | Jumanne, saa 2:40 usiku

Mwalimu, msisambaze. Linki ya usajili inabeba jina la mtu mmoja. Kifaa cha pili kikiingia nayo, cha kwanza kinaweza kutolewa nje. Kila mmoja wa 14 ajisajili mwenyewe kwa barua pepe yake wiki hii, hata kama hatafungua linki yake. Kisha waandikieni waandaaji sasa, kabla ya siku: "Tuko walimu 14 katika chumba kimoja, tutatumia kifaa kimoja, tutawatumia fomu ya mahudhurio yenye saini ya kila kikao. Mtaikubali?" Jibu lao litunzeni. Mfumo unaandika jina la kifaa na muda wa kuingia na kutoka. Haujui nani amekaa nyuma ya kioo. Jina la kifaa liwe moja siku zote mbili, kwa mfano jina la shule na wilaya, na mtandao ukikatika mrudi kwa jina lilelile, la sivyo muda wenu utagawanyika kwenye ripoti yao.

Sasa swali lako la nne, ambalo kwangu ndilo kubwa. Fundi amewapa njia ya kusikia. Kusikia kongamano si kujifunza, na hili ni muhimu zaidi kwenu mlio mbali, maana waliopo ukumbini wana korido na meza ya chai za kuulizana. Nyinyi itabidi muitengeneze hiyo meza.

Anzeni wiki moja kabla, kwenye kikao cha kawaida cha jumuiya ya ujifunzaji, pale walimu mnapokutana kujifunza pamoja. Someni ratiba, chagueni vikao 4 kati ya vyote. Ndiyo, 4. Vingine mtavipata kwenye rekodi. Vikao 7 kwa siku mfululizo mbele ya TV vinamchosha mtu kuliko ukumbi, kwa sababu jicho haliondoki mahali pamoja.

Kisha kila mwalimu alete tatizo la darasani kwake lililoandikwa. Msilete mada pana kama "sehemu ni ngumu". Leteni daftari 5 za Darasa la IV ambamo mtoto ameandika 1/2 + 1/3 = 2/5, na maelezo ya mwalimu: nilifundisha kwa kuchora duara, hawa 5 wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Mwenye tatizo la namna hiyo mkononi anasikiliza kwa sikio jingine kabisa, kwa sababu anatafuta kitu. Mkipiga picha daftari hizo kwa ajili ya kuonyesha, funikeni majina ya watoto.

Gaweni kazi. Mmoja ni mlinzi wa mtandao: kazi yake kompyuta, simu na spika, hashiki kalamu. Mmoja anaandika maswali kwenye kisanduku cha mazungumzo. Mmoja anatunza muda. Wawili wanaandika: wa kwanza anaandika kilichosemwa, wa pili anaandika tutakachojaribu. Wa pili ndiye mwenye kazi ngumu. Badilishaneni kila kikao.

Swali la maandishi lisomeke kwa sekunde 10. Mfano: "Darasa la IV, wanafunzi 96, hakuna vifaa zaidi ya vizibo na mawe. Tumechora duara, bado wanajumlisha asili na asili. Unaanzia wapi kabla ya mchoro?" Swali lenye darasa, idadi na ulichokwisha jaribu linachaguliwa mapema. Swali la "tufundisheje sehemu katika madarasa makubwa" linapita. Liandikeni kwanza kwenye kishikwambi, mlinakili na kulibandika, kwa sababu mkianza kuliandika wakati wa maswali, muda utakuwa umeisha.

Hapa natofautiana kidogo na Fundi. Waandaaji wakigawa washiriki kwenye vyumba vya majadiliano, kioo kimoja hakitoshi. Watu 14 kwenye chumba cha watu 6 wanameza mazungumzo yote, au wananyamaza wote. Wakati huo waingie walimu 3 kwa vishikwambi 3, kila mmoja chumba chake, na wengine 11 wafanye mjadala uleule hapo mezani kwenu bila mtandao.

---

FundiMtandao_Dom | Jumanne, saa 3:12 usiku

Nakubaliana na Mratibu kwenye vyumba, kwa sharti moja: hao watatu watoke nje ya chumba, kila mmoja na earphone, walau mita 5 kati yao, na kompyuta izimwe sauti. Wasitumie video, sauti tu. Watatu kwa sauti ni chini ya kilobiti 250 kwa sekunde, mnara utabeba.

Niongeze kuhusu YouTube. Kwa mada kuu ambazo hamna nafasi ya kuuliza, tumieni YouTube kuliko Zoom. Zoom mtandao ukisita, maneno yanapotea na hayarudi. YouTube inasubiri, kisha inaendelea pale ilipoishia, na unaweza kurudisha nyuma. Shusha ubora hadi 360p, kwa slaidi zenye maandishi madogo 480p. Iko nyuma ya ukumbi kwa sekunde 15 hadi 30, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo ukiona "andikeni majibu yenu sasa", wenzako wameshaandika. Msifungue zote mbili chumba kimoja.

Na TV ya inchi 32: kimo cha kioo ni kama sentimita 40. Maandishi ya slaidi yanasomeka hadi mara 6 ya kimo, yaani mita 2.4. Safu ya tatu haitasoma. Ombeni slaidi mapema, ziwe kwenye vishikwambi kama faili, hazitumii bando tena. Mkipata TV ya inchi 43 mnafika mita 3.2.

---

DadaTaaluma | Jumatano, saa 1:50 asubuhi

Kuhusu Ijumaa ya vipindi. Watu 14 wakitoka shule 3 kwa siku nzima, madarasa yanabaki bila mwalimu, na hilo halikubaliki. Ijumaa waje 5 au 6, na ratiba ya kubadilishana vipindi vya dakika 40 isainiwe na kila mwalimu mkuu, nakala kwa Afisa Elimu Kata. Jumamosi waje wote. Siku ya Ijumaa chagueni vikao vya saa 8 mchana na kuendelea kama mada zinafaa, madarasa ya chini yanakuwa yametoka.

Rekodi: ulizeni zitakaa mtandaoni muda gani na kama mnaruhusiwa kupakua. Msirekodi kioo kwa simu kimyakimya, kuna wawezeshaji wanaoonyesha kazi za wanafunzi wao. Mkiruhusiwa, pakueni usiku mkiwa mahali penye mtandao mzuri, Kibaigwa au Kongwa mjini, mzihifadhi kwenye flashi mbili.

Kwa msimu huu wa upepo, fungeni madirisha ya mbao kwa kamba. Yakianza kupiga, maiki inaokota hiyo kuliko sauti ya mtu. Kama kongamano lingekuwa la Januari ningesema msikae chini ya bati lisilo na dari, kwa kelele za mvua.

---

MwlHisabati_Kongwa | Jumatano, saa 2:25 usiku

Tumepima leo saa 4 asubuhi na saa 8 mchana kama mlivyoelekeza. Dirisha la ofisi: -94 asubuhi, -97 mchana. Dirisha la darasa la jirani, upande wa mashariki: -88 saa zote mbili, na hapo TV inakaa vizuri ikilipa dirisha mgongo. Waya wa kwanza wa USB ulikuwa wa kuchaji tu. Wa pili umekubali.

Swali la mwisho kwa Mratibu: baada ya Jumamosi tufanye nini ili yasipotelee kwenye madaftari?

---

MratibuMEWAKA | Jumatano, saa 3:30 usiku

Msiondoke Jumamosi kabla ya nusu saa hii: spika imezimwa, TV imezimwa, yule aliyeandika "tutakachojaribu" anasoma orodha. Mnachagua kitu kimoja. Kimoja kwa shule zote 3, ili muweze kulinganisha. Kwa mfano, kukunja karatasi kabla ya kuchora duara. Hapohapo wawili wawili mnaandika andalio la somo moja la dakika 40, likiwa na swali mtakalowapa watoto mwanzoni na lilelile mwishoni.

Wiki inayofuata linafundishwa. Mwalimu mwingine anakaa nyuma na karatasi yenye safu mbili: mtoto alisema nini, mtoto aliandika nini. Haandiki kuhusu mwalimu. Wiki ya pili mnakutana kwenye jumuiya ya ujifunzaji mkiwa na daftari za watoto, zikiwemo za wale 5 wa mwanzo. Mkiona wale 5 bado wanaandika 2/5, rudini kwenye rekodi, dakika ileile ya mwezeshaji, mtazame tena mkiwa na daftari mezani. Kwa hiyo mwandishi wa kwanza aandike saa na dakika pembeni ya kila hoja, kwa saa ya Kigali, ndiyo itakayolingana na ratiba ya rekodi.